Maneno ya Kadi Iliyopotea

Punda ndiye aliyewakutanisha. Alikuja na shogi mgongoni, imejaa mchanga wa kujengea, akalikata katikati soko la mbele ya ngome ya kisiwani Amu, na watu wakampisha kama mwenye mji. Shifaa Hashim hakumpisha. Alikuwa akisoma huku anatembea, tabia aliyorudi nayo kutoka chuoni Mombasa. Shogi ikamkumba bega, na karatasi zikamtoka mkononi zikatawanyika kati ya mafungu ya ndizi na miguu ya wateja.

Kijana mmoja aliyekuwa amebeba spika kubwa aliitua chini, akainama kumsaidia. Alivaa kikoi cha kijani na shati lililopigwa pasi, na masharubu yake yalikuwa membamba kama yamechorwa kwa kalamu. Akaisoma karatasi ya kwanza kwa sauti.

"'Usivuke, barafu bado ni nyembamba.' Barua ya nani hii, bibiye? Na barafu ya kuvukwa Amu hii umeiona wapi? Mimi naijua ile ya samaki tu."

Shifaa alirekebisha miwani na ushungi kwa wakati mmoja. "Si barua. Ni sinema."

"Sinema ya Bwana Khatib? Basi mimi ndiye fundi wa sauti. Naitwa Idarus." Akazihesabu karatasi, akaziangalia namba zilizoandikwa pembeni. "Namba kumi na saba haipo. Imeliwa na punda?"

"Haikupotelea hapa," alisema Shifaa. "Ilipotea huko huko ilikotoka."



Bwana Khatib alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa ameigeuza sebule ya chini ya nyumba ya marehemu babake, mtaa wa Mkomani, kuwa ukumbi mdogo wa sinema. Safari hii hifadhi moja ya filamu ya mjini Praha ilikuwa imemtumia nakala ya picha bubu ya Kicheki iliyokaribia kutimiza miaka mia, iitwayo Binti wa Kinu. Wachezaji wake walifungua midomo bila sauti, na maneno yao yaliandikwa kwenye kadi zilizotokea baina ya picha na picha. Shifaa alipewa kazi ya kuzifasiri kadi, zilizokuja na tafsiri ya Kiingereza, kwa Kiswahili na kuwasomea wanawake siku yao, Alhamisi, akiwa nyuma ya pazia. Idarus angetia muziki wa kinanda, kisha Ijumaa angewasomea wanaume.

Kwa hiyo, alasiri tatu kwa wiki, waliitazama pamoja, mlango wazi, Bwana Khatib akiwa kitini na tasbihi yake.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Aneshka, binti wa msaga nafaka, anapendwa na kijana wa mjini aliyekuja kwa likizo. Majira ya baridi yanafika, kijana anaondoka kwa gari la farasi. Anainama dirishani, anamwambia msichana maneno marefu. Msichana anacheka, anafumba mkono wake wa kulia kama aliyetiwa kitu kiganjani, na tangu hapo haufumbui. Anasaga, anakoka moto, anamzika baba yake, ngumi imefumbwa. Baridi ya tatu anatoka kumfuata kwa kuukata mto ulioganda. Katikati ya mto anasimama, anakifungua kiganja, anakiangalia. Ni kitupu. Picha ya mwisho ni nyayo juu ya theluji, zinazokwenda, zisizorudi.

Kadi ya maneno ya dirishani ndiyo iliyokuwa imepotea.

Mwanzoni Idarus alicheka. "Huyu bibi akishtuka, anashtuka mpaka kidole cha mguu!"

"Hana sauti," alisema Shifaa. "Ungekuwa huna sauti ungefanyaje?"

"Ningekutumia ujumbe wa simu."

"Na ukiwa huna simu?"

Idarus akamgeukia, akakunja uso kama Aneshka, mkono kooni, macho juu. Shifaa akaziba mdomo kwa ushungi. Bwana Khatib akakohoa, na tasbihi ikaenda mbio kidogo.

Lakini kila walipoitazama tena, kicheko cha Idarus kilipungua. Macho ya mwigizaji yule yalizungushiwa wanja mzito, na yalikuwa na namna ya kutoka kwenye picha na kumtazama aliyekaa mbele yake, kana kwamba yeye aliyekufa zamani ndiye aliyejua yatakayomfika anayeishi.

Sumeiya, binamu yake Shifaa, alipoonyeshwa kipande kwenye simu, alisema bila kufikiri, "Mbona huyo mwanamume amefanana na Idarus wako? Masharubu yale yale."

"Si Idarus wangu."

"Haya. Masharubu si yako."

Baada ya miezi minne alikuwa Idarus wake. Wazee walikuwa wamekubaliana kimya kimya, na siku ya posa ilikuwa imetajwa. Jioni moja Idarus akampigia simu, akamwita kwa jina la mapenzi.

"Nyonda, umekula?"

"Nimekula. Sauti yako ina nini?"

"Ina furaha. Wale wa Doha wametuma tikiti. Ile hoteli, kazi ya mitambo ya sauti. Wazee waje kwenu Jumapili, Jumatatu nipande ndege. Miaka miwili tu."

Shifaa alikaa kitandani.

"Shifaa?"

"Nipo."

"Sema kitu."

"Miaka miwili si 'tu'."

Idarus alishusha sauti. Alikuwa na sauti nzito, yenye ukwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno. "Sikiliza, nyonda. Unaosafiri ni mwili tu. Roho naiacha mkononi mwako. Fumba mkono, usiufungue mpaka nirudi."

Shifaa alikuwa peke yake chumbani, hakuna aliyemwona, akaufumba mkono. Asubuhi alipoamka aliukuta bado umefumbwa, kucha zimeacha alama nne kiganjani. Alijiambia ni mapenzi.

Siku mbili kabla ya onyesho la wanawake alikaa mbele ya kompyuta kuijaza kadi ya kumi na saba. Aliirudisha picha mara arubaini. Ni neno gani mwanamume anaweza kusema, likamfanya mwanamke acheke hivi, afumbe mkono hivi, angoje hivi? Yeye hakuwa ameambiwa maneno ya mapenzi na mtu mwingine duniani. Alikuwa na hayo tu. Akayaandika, na yakakaa barabara juu ya midomo ya yule kijana, kama ufunguo unavyokaa kwenye kufuli yake. Alifurahi. Aliona ni zawadi ya siri kwa Idarus. Angemweleza baadaye, wacheke.

Hakujiuliza kwa nini maneno ya mtu wake yalikuwa yameenea mdomo wa yule.

Alhamisi baada ya Asri, ukumbi ulijaa wanawake. Madirisha yalizibwa kwa mikeka na mapazia meusi, mchana ukageuka giza linalonukia udi na asumini. Mabuibui yalining'inizwa, madira ya rangi yakaonekana, bisi zikapita mkono kwa mkono. Mstari wa mbele, mkekani, alikaa Bi Barka, mamake Idarus, mwanamke mwembamba aliyevaa kanga za kahawia, aliyesema maneno machache tangu watu walipomjua. Walimwachia nafasi kwa heshima. Kila mmoja alijua Jumapili ni siku gani.

Shifaa aliketi nyuma ya shuka jeupe lililotumika kama kioo cha sinema, kipaza sauti mkononi. Hapo hakuna aliyemwona, na sauti yake ikatoka bila kutetemeka.

"Maji yaliyoganda kama friji!" alisema mmoja. "Na watu wanaishi nti hiyo?"

"Tazama wanja wake. Wallahi kapaka kama wetu."

"Usimwamini huyo, mwanangu! Mwenye kupinda shingo hivyo ana mke kwao!"

Vicheko vikajaa. Kisha gari la farasi likaja, vicheko vikapungua vyenyewe. Kijana akainama dirishani. Shifaa akasoma, polepole, kama alivyoambiwa yeye:

"Unaosafiri ni mwili tu. Roho naiacha mkononi mwako. Fumba mkono, usiufungue mpaka nirudi."

Mbele, mtu alitoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa pumzi iliyokatwa. Bi Barka alisimama, kivuli chake kikaangukia shuka na kumfunika Aneshka. Akatembea juu ya mikeka na miguu ya watu mpaka mlangoni, akausukuma. Jua la alasiri likaingia lote kwa pamoja, picha ikafutika. Uso, mkono, mto, vyote vikawa weupe mtupu. Filamu iliendelea kuzunguka, lakini hakuna aliyeuona mwisho.

"Amekufa?" aliuliza mtu. "Yule binti, amekufa?"

Wanawake wote walikuwa wamegeukia mlangoni.

Kabla ya Magharibi simu ililia.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Idarus, sikumfanya kitu. Nili..."

"Amejifungia. Anasema hakuna posa. Hasemi kwa nini. Nimewauliza waliokuwako, wamenieleza. Maneno yangu, Shifaa! Niliyokwambia weye peke yako. Umeyatia kwenye spika, mji mzima usikie, tena umempa yule laghai wa sinema!"

"Sikujua kama ni mabaya. Yalikuwa ndiyo mazuri niliyonayo."

Nusura Idarus alainike. Kisha kiburi kikamrudia. "Basi kesho nitayasema mwenyewe mbele ya wanaume. Wasikie yanavyosemwa na mtu mkweli. Yule anadanganya. Mimi sidanganyi."

"Idarus, usi..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Ijumaa asubuhi Shifaa alivaa buibui, akaenda kwa Bi Barka bila kumwambia mtu. Njiani alifanya mazoezi ya kuomba radhi, na kila sentensi ilimfia mdomoni. Bi Barka alimfungulia mwenyewe. Macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Ndoo, mwanangu, ingia. Kaa."

"Bi Barka, nimekuja kukuomba radhi. Yale maneno..."

"Uliyatoa wapi?"

Shifaa aliinamisha kichwa. "Aliniambia Idarus."

"Naam. Nilidhani hivyo." Bi Barka alitoa chini ya kitanda redio ya zamani ya kanda, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akabonyeza kitufe. Mkwaruzo. Jogoo wa mbali. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, yenye ukwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno:

"Barka, kama nilivyokwambia bandarini. Uliosafiri ni mwili tu. Roho nimeiacha mkononi mwako..."

Shifaa alishika ukingo wa kitanda. Ilikuwa sauti ya Idarus, na Idarus alikuwa mtoto bado ilipotiwa humo.

"Babake," alisema Bi Barka, akaizima. "Alikwenda Maskati mtoto ana miaka mitatu. Alituma kanda tano. Ya sita haikuja."

"Alifariki?"

"Yu hai. Ana watoto sita huko." Alizungusha bangili yake. "Watu husema alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo. Siku aliyosema alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo baya. Mwongo ungemjua. Mwaka wa pili nilishikwa na homa, sina wa kunipa maji, na mtoto amelala pembeni. Roho yake ilikuwa mkononi mwangu, wala haikuinuka kunichotea."

"Idarus anayakumbuka haya?"

"Alikuwa halali bila kanda hii. Kila usiku namwekea. Nilidhani namfundisha kumjua babake. Kumbe nilikuwa namfundisha kuondoka." Akamtazama Shifaa kwa mara ya kwanza usoni. "Ile filamu jana, mwisho wake nini?"

Shifaa hakuweza kusema. Aliunyosha mkono wake wa kulia, akaukunjua.

Bi Barka aliangalia kile kiganja kwa muda mrefu. "Leo nataka kuuona," alisema.

Alasiri hiyo wanaume walikaa mikekani, kofia zikijipanga gizani. Nyuma ya shuka, alipokaa jana, Shifaa alikaa tena, safari hii na Bi Barka ubavuni pake. Kutokea upande huo picha ilikuwa imegeuka. Mkono wa kulia wa Aneshka ukawa wa kushoto, na gari la farasi lilikwenda upande mwingine. Lakini lilikwenda tu. Hata ukilitazama kwa nyuma, liliondoka.

Idarus alikuwa mbele, kinanda magotini, kipaza sauti karibu na mdomo. Hakujua nani yuko nyuma ya shuka. Alisoma vizuri, kwa mbwembwe, wanaume wakacheka mahali pa kucheka. Kijana akainama dirishani. Idarus akajiweka sawa, akashusha sauti, kwa sababu huu ndio wakati aliokuwa ameungoja tangu jana.

"Unaosafiri ni mwili tu," alisema. "Roho naiacha..."

Sauti ilimrudia kutoka kwenye spika mbili alizozifunga mwenyewe ukutani: kubwa, nzito, yenye ukwaruzo mdogo mwishoni. Kazi yake ilikuwa sauti. Aliweza kuitambua spika mbovu kwa neno moja, na mwimbaji kwa pumzi. Sasa alisikia jogoo ambaye hakuwako. Alisikia chumba chenye giza, harufu ya kanga za mama, na mtu aliyekuwa akimlaza kila siku bila kumshika.

Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, akakizima kipaza sauti.

Hakupiga kinanda tena. Filamu iliendelea bubu kama ilivyozaliwa. Mashine ilivuma, Aneshka akasaga, akakoka moto, akamzika baba yake. Aliingia mtoni, hatua baada ya hatua, akasimama, akakifungua kiganja. Uso wake haukushtuka, haukulia. Mwigizaji yule, aliyetumia mabega na shingo na vidole filamu nzima, hapo hakutumia kitu. Alitazama tu.

Nyuma ya shuka Bi Barka alimshika Shifaa mkono kwa nguvu ya kuumiza. Kisha nyayo tu. Kisha weupe.

Jioni ile Shifaa ndiye aliyepiga simu. Iliita sana.

"Nipo," alisema Idarus.

"Sema kitu."

"Nimeishiwa. Kila ninalolitia mdomoni nalisikia kwa sauti ya baba yangu." Alivuta pumzi. "Sijui kama mimi ni yeye, Shifaa. Yeye pia hakujua."

Shifaa alisimama dirishani. Kama Idarus angekuwa mbele yake asingeweza kulisema neno lililomjia hata kwa dawa. "Roho yako sina pa kuiweka," alisema. "Mimi nikishikwa na homa nataka mtu wa kunichotea maji. Ni hilo tu." Akakata simu, akauficha uso kwenye mto.

Jumapili nyumba ilifagiwa, mito ikavikwa foronya mpya, halua na kahawa vikawekwa tayari. Hakuna aliyekuja. Mzee Hashim, babake Shifaa, alikaa dakani, pale penye vibaraza vya mlangoni, mpaka Isha, kisha akaingia. Sumeiya hakutania.

Jumatatu saa tano mchana Shifaa alikuwa juu ya dari, kwenye paa lililo wazi, akianika nguo mbichi na kuanua zilizokauka, alipoisikia ndege ikipaa kutoka uwanja wa Manda, ng'ambo ya maji. Aliiona ikipinda juu ya mikoko, nyeupe, ndogo, jua likigonga ubavu wake. Aliishika nguo mbichi na kutazama mpaka hapakuwa na kitu cha kutazama. Akaukunjua mkono wake wa kulia. Ulikuwa mtupu, umelowa maji ya nguo. Hakulia. Alikunja shuka la mwisho, pembe kwa pembe.

"Hodi!"

Alishuka ngazi, moja, nyingine, akisikia sauti ya babake ikiitikia. Mlangoni alisimama Bi Barka, amevaa kanga mpya, na sinia iliyofunikwa kitambaa mikononi.

"Karibu, Bi Barka," alisema Mzee Hashim, kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake.

Idarus alikuwa amebeba dumu la maji la lita ishirini begani. Kifuniko hakikukaza, maji yalikuwa yamemlowesha shati, kikoi na miguu. Masharubu alikuwa ameyanyoa. Alionekana mdogo zaidi, na mwoga zaidi.

"Najua si desturi kijana kuja na posa yake, Bwana Hashim," alisema Bi Barka. "Wala si desturi kuchelewa siku. Ila mwenye posa asubuhi hii alikuwa na tikiti mfukoni, na mimi sikutaka kumshika. Nimekaa nyumbani nimengojea nione kama atapanda ndege. Hajasema neno tangu alipotoka chumbani kwake. Nimempenda hivyo hivyo."

"Maji ya nini?" aliuliza Mzee Hashim. "Sisi tuna maji."

Idarus alimtazama Shifaa aliyesimama gizani mwa ngazi na shuka kifuani. Hakukunja uso, hakuweka mkono kooni. Alipita tu dakani, akaingia, akalitua dumu miguuni pa Shifaa, taratibu, lisimwage zaidi.

"Mimi sina homa leo," alisema Shifaa, kwa sauti ya kusikiwa na yeye na dumu tu.

Idarus alisikia. "Nitangoja," alisema.

Mzee Hashim aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akapokea sinia. Wakakaa. Kahawa ya jana ikapashwa moto.

Shifaa alibaki kwenye ngazi. Sakafuni, toka mlangoni mpaka miguuni pake, zilikuwako nyayo za maji, zote zimeelekea ndani. Alizitazama kwa hofu zikianza kukauka, ya kwanza ikapotea, ya pili ikawa doa. Aliinua macho haraka. Mwenye nyayo alikuwa angali ameketi pale pale, anatiririka maji juu ya foronya mpya.